Namna ya Kuchagua Kitambaa cha Koti la Kushonesha

Watu wengi humwendea fundi wakiwa na picha ya koti kwenye simu, kisha hupita dukani na kununua kitambaa kinachofanana na ile picha kwa rangi tu. Majuto huanzia hapo, kwa sababu rangi haikuelezi chochote kuhusu namna koti litakavyokaa mwilini. Jiulize kwanza koti litavaliwa wapi, kwa saa ngapi, na kama mvaaji atashinda ameketi ofisini au atasimama harusini jua la saa nane likimwakia. Koti la kuvaa juu ya kanzu mjini Zanzibar na koti refu la baridi ya Njombe mwezi wa Julai yote huitwa koti, lakini hayawezi kukatwa kwenye jora moja.

Jambo la kuanza nalo ni uzito. Vitambaa vya suti kwa kawaida huwa na upana wa takriban sentimita 150, na viwanda hueleza uzito wake kwa gramu za kila mita moja ya urefu. Kwa joto la pwani tafuta kitambaa cha gramu 230 hadi 270. Kwa Nairobi au Arusha, gramu 280 hadi 340 zinatosha karibu mwaka mzima. Koti refu la kuvaliwa juu ya nguo nyingine lianzie gramu 450. Ukikuta jora limeandikwa kwa aunsi, hizo ni aunsi za kila yadi: aunsi 9 kwa yadi ni kama gramu 280 kwa mita, na aunsi 11 ni kama 340. Muuzaji asipojua uzito, na mara nyingi hajui, omba kipande cha sentimita 10 kwa 10, kipeleke kwa sonara akiweke kwenye mizani yake, kisha zidisha jibu kwa 150. Kipande cha gramu 1.7 kinakupa gramu 255 kwa mita. Sonara atakushangaa, lakini mizani yake haikosei.

Hata hivyo, wepesi peke yake hauleti ubaridi. Kitambaa cha tetroni, yaani poliesta, cha gramu 200 kilichofumwa kwa kubana kitakutoa jasho kuliko sufu ya gramu 260 iliyofumwa kwa mfumo wa kawaida wa uzi mmoja juu na mmoja chini, ambao huacha matundu madogo ya kupitisha hewa. Kiweke kitambaa mdomoni na ukipulize: pumzi ikipenya bila shida hadi kwenye kiganja kilicho upande wa pili, upepo wa baharini nao utapenya. Wengi huikimbia sufu wakidhani ni ya nchi za theluji, ilhali unyweleo wake unaweza kunyonya unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi umelowa. Kitani nacho hupitisha hewa vizuri sana, lakini hujikunja tangu unapokaa kwenye gari, hivyo asiyevumilia mikunjo asikiguse. Kadeti ya pamba inafaa kwa jaketi la kazi na safari. Tetroni siikatai kwa sare, kwa kuwa haijikunji, hukauka haraka na bei yake inabebeka. Ila viwiko vyake hung'aa mapema na haina urafiki na pasi ya moto.

Usitishwe na namba zilizofumwa pembezoni mwa kitambaa. Super 100 au Super 150 hueleza wembamba wa unyweleo wa sufu, yaani maikroni (sehemu ya elfu ya milimita) zisizozidi 18.75 kwa ile ya kwanza na 16.25 kwa ile ya pili, wala hazielezi uimara. Kadiri namba inavyopanda ndivyo kitambaa kinavyolainika, kinavyojikunja na kinavyochakaa upesi, kwa hiyo koti la kuvaliwa kila wiki linatosheka na Super 100 au 120. Namba yenyewe pia inaweza kuwa ya uongo. Niliwahi kununua kitambaa chenye maandishi ya Super 150 kwa bei iliyonifurahisha mno, nikakishonesha, na baada ya miezi michache viwiko vikang'aa kama sahani. Ndipo nilipochomoa uzi kwenye upindo na kuuchoma: uliyeyuka ukawa kishanga kigumu cheusi. Sufu halisi hunuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake husagika kati ya vidole. Tangu hapo huomba nyuzi mbili tatu na kuzichomea nje ya duka kabla sijalipa.

Ukiwa bado dukani, kikunje kitambaa ndani ya ngumi, uhesabu hadi kumi, kisha ukiachie uone kama kinanyooka au kinabaki na mikunjo. Halafu kitoe hadi mlangoni, kwenye mwanga wa jua, kwani buluu iliyokolea na nyeusi hufanana kabisa chini ya taa. Asiyeuamini mkono wake aufundishe kwenye mitumba: shika makoti, soma lebo zilizoshonwa ndani, na baada ya makoti ishirini vidole vitaanza kutofautisha sufu na tetroni bila kusoma.

Kwa kitambaa cha upana wa sentimita 150, koti la kawaida la mwanamume huhitaji kama mita 2, na koti refu karibu mita 3. Kikiwa na miraba mikubwa ongeza hadi nusu mita ili fundi aweze kuikutanisha mishononi, na mahameli nayo huhitaji ziada kwa kuwa vipande vyote lazima vikatwe kuelekea upande mmoja. Pamba na kitani vilowekwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, la sivyo koti litasinyaa likifuliwa.

Bitana ichaguliwe siku hiyohiyo, maana bitana ya poliesta huua faida yote ya sufu uliyoigharimia; chukua ya viskosi, kitambaa laini cha nyuzi zitokanazo na miti, na kwa pwani mwombe fundi aiweke mabegani na mikononi tu. Mkumbushe pia akurudishie mabaki, kwani kiraka cha kiwiko kitakachohitajika baadaye hakitapatikana tena kwenye jora lilelile.