Projekti ya gemu chuoni: namna ya kuifikisha mbele ya jopo ikiwa inachezeka

Kabla hujampelekea msimamizi wako kichwa cha projekti, jibu hili kwa neno moja: mchezaji wako anafanya nini? Siulizi hadithi yake wala mji anaoishi. Nauliza kidole chake kinafanya nini kwenye kioo cha simu. Anaruka, anakwepa, anarusha, anapanga, anabeba? Kama kitenzi chenyewe hukipati, gemu huna bado, hata kama una kurasa kumi za maelezo.

Mimi nasimamia maabara ya kompyuta kwenye chuo kimoja hapa Tanga. Wanafunzi wa diploma wakifika mwaka wa mwisho huja kwangu hata kama msimamizi wao ni mwingine, kwa sababu funguo ninazo mimi, na saa ambayo intaneti ya chuo inakwenda kasi naijua mimi. Wengi huja na gemu yenye ukubwa wa mkoa: magari, polisi, bodaboda, mji mzima kuanzia Chumbageni mpaka Raskazone, na ukitaka unashuka unaingia dukani. Muda walionao ni muhula mmoja, na laptopu ni moja kwa watu wanne.

Dawa si kuliua wazo, ni kulikata. Kijana mmoja alikuja na vita vya Tanga vya Novemba 1914: meli za Waingereza, askari walioletwa kutoka India, Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck, reli, bunduki za rashasha. Ni kazi ya kampuni nzima hiyo. Lakini kila mtoto wa Tanga amesimuliwa kwamba katika vita vile nyuki walichokozwa wakawauma askari, na hawakuchagua upande. Nikamwambia acha meli, acha bunduki, mchezaji awe nyuki. Uwanja mmoja, mzinga mmoja wa nyuki, askari wanaingia kutoka kulia, unawafukuza kabla hawajafika mtini. Kitenzi ni kuuma. Hiyo inawezekana, na inavutia kuliko ile ya kwanza, maana vita vya mizinga na bunduki kila mtu ameshavicheza.

Mfano nitakaokwenda nao hapa ni wa kundi jingine, la muuza kahawa. Mchezaji ana birika, anakatiza barabara za Ngamiani, zile zinazoitwa kwa namba, na wateja wanamwita kutoka barazani. Kahawa inapoa. Kitenzi ni kufikisha.

Sasa usifungue kompyuta. Nunua karatasi moja ya manila, chora barabara zako, vifuniko vya soda viwe wateja, kete moja iwe birika. Kila zamu joto linashuka kwa moja. Mmoja acheze, mwingine awe kompyuta: ndiye anayesogeza wateja na kuhesabu joto. Kundi la kahawa walicheza hivyo mchana mmoja wakaona tatizo ambalo skrini ingewaficha kwa wiki kadhaa: mchezaji alikuwa anamwendea mteja wa karibu kila mara, basi. Hakuna cha kufikiri. Wakabadilisha palepale kwa penseli. Mteja wa mbali analipa zaidi. Kijiwe cha wazee hakiondoki, kitakusubiri, lakini ukifika kinamaliza vikombe vyote. Hapo mchezaji akaanza kujikuna kichwa, na gemu ikaanza.

Na kama hujui kanuni nzuri inafananaje, funga laptopu uende ukakae pembeni ya bao. Nasema hili kwa msisitizo kwa sababu wanafunzi wangu wanatafuta masomo ya ubunifu wa gemu kwenye video za watu wa Marekani huku babu zao wamekalia darasa zima. Angalia bao la Kiswahili linavyoanza. Mashimo 32, kete 64, kila mtu 32 zake. Lakini hazimwagwi zote ubaoni. Kila mchezaji anaanza na 10 tu: 6 kwenye shimo maalumu liitwalo nyumba, na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya kulia kwake. Zile 22 anabaki nazo mkononi, na katika namua, yaani hatua ya kwanza, anaingiza moja kila zamu. Zikiisha ndipo mtaji, hatua ya pili, unaanza, na ubao unakuwa mzito kweli.

Kaa ulitafakari hilo kama mtengenezaji. Aliyetunga amehakikisha mwanzo ubao ni mwepesi kusomeka, kisha ugumu unaongezeka kete kwa kete, bila maandishi ya kumwambia mchezaji kwamba sasa amefika hatua ya pili. Halafu tazama nyumba. Kete yako ya mwisho ikiangukia kwenye nyumba yako baada ya kula, una hiari: ulale, zamu iishe na mali yako ibaki, au uivunje uendelee kusambaza. Shimo moja tu, kanuni moja, na hapo ndipo wachezaji wanapovuta pumzi na watazamaji wanapoanza kelele. Gemu yako inahitaji nyumba yake: mahali pamoja ambapo mchezaji ana kitu cha kulinda na kishawishi cha kukitumia. Kundi la kahawa waliweka kikombe cha mwisho. Ukikibakiza mpaka mwisho wa barabara unapata mara mbili, ukikimimina sasa unaokoa mteja anayetaka kuondoka. Kabla ya hapo gemu yao ilikuwa mbio tu.

Manila ikishachezeka, ndipo tuzungumze vifaa. Sitarefusha. Tumia Godot, programu ya kutengenezea gemu. Ni bure kabisa, leseni yake ni ya MIT, haikudai kitu hata ukija kuuza gemu, na faili lake ni dogo kiasi cha kukaa kwenye flashi na kufunguka bila kusakinishwa. Unity, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, ni nzuri na ina masomo mengi, ila inakula gigabaiti nyingi na inataka akaunti. Tena Septemba 2023 wenyewe walitangaza ada kwa kila gemu inaposakinishwa, watengenezaji wakapiga kelele duniani kote, na mwaka uliofuata wakaifuta. Mwanafunzi hana haja ya kuishi na wasiwasi huo. Ukiwa na laptopu ya RAM ya gigabaiti 4, unapoanzisha projekti kwenye Godot 4 chagua njia ya kuchora iliyoandikwa Compatibility. Ndiyo inayovumilia mashine za zamani na simu za bei ndogo.

Kuna mzigo mmoja usiouona mwanzoni. Ili gemu itoke kwenye Godot iwe faili la simu, unahitaji vifurushi vya kutolea (export templates), na hivyo pekee vinazidi nusu gigabaiti. Juu yake kuna JDK 17, yaani vifaa vya lugha ya Java, na vifaa vya Android. Usisubiri wiki ya mwisho ukavishushe kwa bando lako. Vishusheni mara moja kwenye intaneti ya chuo, vikae kwenye flashi, mpeane. Na wiki ya kwanza kabisa ya kazi, hata kama skrini ina duara jekundu tu linalosogea, litoe liingie kwenye simu. Anayefanya hivyo mapema anajua njia iko wazi. Anayechelewa atakutana na ujumbe mwekundu wa makosa usiku wa manane kabla ya kukabidhi.

Kosa moja nalitaja peke yake kwa sababu linawatoa watu machozi kila mwaka. Kwenye Windows, picha iitwayo Birika.png na ile iitwayo birika.png ni kitu kimoja. Skripti yako, yaani maandishi ya programu, ikiita kwa herufi ndogo na faili lina herufi kubwa, kwenye laptopu mambo yanakwenda. Ukishaitoa gemu ikaingia kwenye simu, birika halipo, na wakati mwingine gemu yote inagoma kufunguka. Majina yote ya mafaili yawe ya herufi ndogo, bila nafasi, maneno yaungwe kwa mstari wa chini: birika_tupu.png, mteja_mzee.png. Amueni hivyo siku ya kwanza, kundi zima.

Namba zote za gemu zikae juu ya skripti, zenye majina yanayosomeka. Kwa mfano kasi_ya_kupoa, muda_wa_subira, bei_ya_kikombe, na hizo nazo kwa herufi ndogo. Ukiweka neno @export mbele ya tangazo lake, namba inatokea pembeni kwenye Godot na hata mwenzako asiyejua skripti anaweza kuipandisha na kuishusha. Katika kundi la wanne, kwa kawaida anayeandika programu ni mmoja na watatu wanamwangalia mgongoni. Mmoja wa hao watatu mpe kazi ya namba hizi: acheze, abadilishe, aandike kwenye daftari alichobadilisha na kilichotokea. Daftari hilo mtalihitaji.

Picha chora mwenyewe, hata ziwe za mistari. Usipoweza, mkusanyiko wa picha za gemu wa Kenney unatolewa bure kwa leseni ya CC0, unautumia bila kuomba ruhusa, ila mji wako utafanana na wa kila mtu. Sauti ni rahisi zaidi. Vikombe vya kahawa vikigonganishwa vina mlio wao ambao mtu yeyote wa pwani anautambua, na simu yako inaurekodi vizuri tu ukizima feni na kufunga dirisha la upande wa bahari. Wimbo wa Bongo Fleva usiuguse. Una mwenyewe, na mjumbe mmoja wa jopo akiuliza kibali cha hakimiliki, uwasilishaji wako unageuka kuwa kesi.

Nakala ya kazi iwe sehemu mbili kila siku, moja nje ya laptopu. Umeme na virusi vya flashi mnavijua, sina haja ya kuhubiri.

Kwenye kujaribisha gemu naomba tutulie, maana hapa ndipo projekti nyingi zinapotofautiana. Kumpa mwanafunzi mwenzako acheze si kujaribisha, huyo ameshaiona ikijengwa. Nenda kwa mtu asiyekujua, mpe simu, kisha ufunge mdomo. Kundi la kahawa niliwapeleka kijiweni Makorora.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Hiki nakifanyaje?"

Kijana akafungua mdomo aeleze, nikamkanyaga mguu. Mzee akaisogeza simu mbali kidogo na macho, akamtazama mteja aliyechorwa, akagusa birika. Hakuna kitu. Akaligusa tena, safari hii kwa nguvu. Kitufe cha kumimina kilikuwa chini kulia, cha kijivu, na kwa jua la saa nne pale barazani hakikuonekana kabisa. Akamrudishia simu yake. "Kahawa yako haimiminiki."

Jioni ile kitufe kiliondolewa. Sasa unagusa birika lenyewe. Rangi ya wateja ikakolezwa, maandishi yakakuzwa, na yale maelezo marefu ya mwanzo yakafutwa kwa sababu yule mzee hakusoma hata mstari mmoja. Andika kila kitu cha namna hiyo: nani alicheza (umri, si jina), alikwama wapi, mkabadilisha nini, aliyefuata akafanyaje.

Hayo maandishi ndiyo yatakayokuokoa kwenye ripoti. Majopo mengi yamezoea mifumo ya kusajili wagonjwa na kutunza stoo, na mjumbe fulani hatakosa kuuliza gemu inatatua tatizo gani la jamii. Usimjibu kwamba inaburudisha, hata kama ni kweli na hata kama mimi naona burudani inatosha. Sema ulichojiwekea kukipima. Kwa mfano: mchezaji asiyeelekezwa aweze kuhudumia mteja wa kwanza ndani ya dakika moja, kwenye simu ya bei ndogo, nje juani. Kisha fungua jedwali la majaribio uonyeshe wa kwanza walishindwa, mkabadilisha nini, wa mwisho wakaweza. Hapo huzungumzii tena mchezo wa watoto, unaonyesha kazi iliyopimwa.

Siku yenyewe nenda na gemu kwenye simu mbili zenye chaji, na video fupi ya mtu akiicheza, ikiwa imehifadhiwa kwenye laptopu na si mtandaoni. Projekta ikigoma, zungusha simu kwa wajumbe. Uwaamkie, umkabidhi mmoja wao simu, na unyamaze kama ulivyonyamaza kijiweni. Baada ya hapo litakuja swali la kuulizwa nani hasa ameandika hii programu, na huulizwa kila kundi siku hizi. Usianze kujitetea. Fungua skripti, waonyeshe kasi_ya_kupoa, omba mjumbe yeyote ataje namba, iandike mbele yao, endesha gemu tena na umwachie acheze kahawa ikipoa kwa kasi aliyoitaja mwenyewe.