Ibada chini ya mkorosho

Msimu wa korosho ukianza, wengi wetu huku Masasi na Newala Jumapili zinatupita, shamba halisubiri. Jaribu hivi: asubuhi chagua mstari mmoja wa Zaburi, uuseme kila unapohamia mti mwingine. Mikono inaokota na kutenganisha korosho na mabibo, mdomo unasifu. Watawa Wabenediktini wa Ndanda walianza hapo 1906 na utaratibu wao ni huohuo, sala na kazi. Naye Yesu alimwambia mwanamke Msamaria kuwa si lazima kuabudu mlimani wala Yerusalemu (Yohana 4). Ila usiishie kwenye kuimba. Ukipeleka gunia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, usifiche korosho zisizokauka katikati ili mzani upande. Hapo ndipo pagumu, maana katekista hayupo kukuona. Na jumuiya yako ya sala usiiache, hata ukifika umechelewa.