Jinsi ya kuomba kutambuliwa kama muuguzi Ujerumani ukiwa na cheti cha Tanzania

Kama umesoma uuguzi Tanzania na unataka kufanya kazi Ujerumani, usikusanye nyaraka kwa mpangilio wa fomu. Fomu inaanza na wasifu na pasipoti, na saa za masomo zinatajwa huko chini kana kwamba ni jambo dogo. Wewe anza na saa za masomo. Hapo ndipo pesa yangu ilipopotelea.

Uuguzi kule ni taaluma inayolindwa na sheria. Huruhusiwi kujiita Pflegefachfrau au Pflegefachmann, yaani muuguzi kamili wa kike au wa kiume, mpaka mamlaka ikubali kwamba mafunzo yako yanalingana na ya kwao, na utaratibu huo wanauita Anerkennung. Majimbo yako 16, kila moja na mamlaka yake, na unaomba katika jimbo unalokusudia kufanya kazi. Nordrhein-Westfalen utaandikia Bezirksregierung Münster, Bavaria utaandikia Landesamt für Pflege. Watataka kuona kwamba kweli unaelekea kwao, na barua ya mwajiri ndiyo ushahidi mwepesi kuliko wote, kwa hiyo mwajiri atangulie. Ukikwama kujua ofisi yako ni ipi, kuna kituo cha ushauri kiitwacho ZSBA, kinahudumia watu walio nje ya Ujerumani, na hakitozi ada. Nilisubiri waniletee namba ya malipo, haikuja.

Kuhusu madalali. Tanzania imo katika orodha ya WHO ya 2023, ile ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Kwa kanuni za Ujerumani, kampuni binafsi haziruhusiwi kwenda kuwasaka wauguzi katika nchi hizo wala kuwaunganisha na waajiri. Kazi hiyo imeachiwa wakala wa ajira wa serikali yao, Bundesagentur für Arbeit. Wewe binafsi kutafuta kazi na kutuma maombi hukatazwi hata kidogo. Basi ukikutana na mtu mwenye ofisi ya chumba kimoja na bendera mbili mezani, anayedai "nafasi kumi za hospitali Berlin" na ada ya kuzishikilia, mwachie nafasi zake.

Lugha sina mengi. Leseni ya uuguzi inataka Kijerumani cha ngazi ya B2, na majimbo mengine yanataka mtihani wa Kijerumani cha uuguzi hasa. Mtihani wa B2 wa taasisi ya Goethe una sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuongea, na kila moja unahitaji alama 60 kati ya 100. Ukianguka moja unairudia hiyo hiyo. Anza kozi leo, nyaraka zitakukuta njiani.

Sasa saa. Mamlaka ya Ujerumani haijali GPA yako. Inachukua mafunzo yao ya miaka 3, yaani saa 2,100 za nadharia na 2,500 za vitendo, inayaweka kando ya yako na kuanza kutafuta mapengo. Transkripti zetu zinaandika krediti na alama. Krediti haimwambii mtu ulikaa wodi ya magonjwa ya akili wiki ngapi. Kwa hiyo unahitaji barua ya chuo, yenye nembo, saini na muhuri, inayotaja saa za kila somo na saa za kila eneo la vitendo: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi, akili, wazee, huduma za majumbani.

Chuo changu kilinipa barua nzuri sana inayosema nilikuwa mwanafunzi mwenye nidhamu. Nikaeleza kwamba ninataka saa. Nikaambiwa mwenye faili yuko semina. Aliporudi semina, faili nalo likawa limehamishiwa jengo lingine, na mwenye ufunguo wa jengo hilo yuko likizo. Hakuna aliyenikatalia, kila mtu alikuwa mkarimu, kila mtu alisema njoo wiki ijayo, dada.

Kilichovunja mzunguko huo ni kuacha kuomba barua na kupeleka jedwali. Kaa na mtaala wa mwaka uliosoma pamoja na kitabu chako cha kumbukumbu za vitendo, andika saa mstari kwa mstari, chapisha, kisha mpelekee mkuu wa idara ahakiki. Mtu mwenye kazi nyingi hatakutungia jedwali, ila kulikagua na kugonga muhuri anaweza. Na usitie chumvi. Saa zikizidi siku zilizokuwepo kwenye kalenda, ofisi ya Ujerumani itapiga hesabu, maana huko kuna mtu ambaye kazi yake ni hiyo.

Kuna karatasi tatu zinazooza kama samaki juani: hati ya polisi ya kutokuwa na makosa, cheti cha daktari cha afya, na barua ya Baraza la Uuguzi na Ukunga inayothibitisha kwamba usajili wako uko hai na huna kosa la kitaaluma. Ofisi nyingi hazitaki hizi ziwe zimepita miezi 3. Zangu zilikuwa tayari, safi kabisa, zikafia kwenye bahasha zikiwa zinasubiri jedwali la saa, nami nikalipia zote upya, alama za vidole zikiwemo. Zifuatilie mwishoni, jedwali likiwa tayari mkononi.

Tafsiri ifanywe na mtafsiri aliyeapishwa Ujerumani. Wengi wanatoza kwa mstari wenye herufi 55, kwa hiyo kabla hujawatumia mtaala mzima wa kurasa mia, uliza ofisi kama jedwali la saa linatosha. Vivyo hivyo nakala: muhuri wa wakili wetu, ambao hapa unafungua kila mlango, kule mara nyingi hautambuliwi. Uliza kama wanataka nakala zilizothibitishwa na ubalozi wa Ujerumani, na uthibitishe kwa mkupuo mmoja.

Faili likikamilika, jibu la kawaida kwa sisi ni Defizitbescheid, yaani orodha ya mapengo. Usilie, hujakataliwa. Tunakuja na saa nyingi za uzazi na afya ya jamii, wao wanatafuta uuguzi wa wazee na huduma za nyumbani kwa mgonjwa. Mapengo yanazibwa kwa njia mbili. Kenntnisprüfung ni mtihani wa mdomo na wa vitendo, na ukianguka unaruhusiwa kurudia mara moja. Anpassungslehrgang ni mafunzo ya kuziba mapengo, yanaisha kwa mazungumzo ya tathmini. Mwenye Kijerumani cha kutosha aende mtihani. Anayeelewa mgonjwa lakini bado anababaika kujibu, mafunzo yatamfaa zaidi.

Na hapa kuna mlango ambao hakuna aliyenionyesha mapema: tangu 2024 sheria inakuruhusu kuacha ulinganisho wa kina na kwenda moja kwa moja kwenye mtihani au mafunzo. Kama chuo chako kimefungwa, kimebadili jina au faili bado liko safarini, andika kwamba unauacha ulinganisho huo. Gharama yake ni kwamba uzoefu wako wa kazi hautapimwa kupunguza mapengo. Mwenye miaka kumi ya wodi na barua nzuri za waajiri apige hesabu kwanza.

Viza inayohusika na hatua hii iko chini ya kifungu cha 16d cha sheria yao ya ukaaji, na ada yake ni euro 75. Mwajiri aliye makini atapitia utaratibu wa haraka katika ofisi ya wageni ya mji wake, ada euro 411, na miadi yako ubalozini itakuja upesi kuliko ya kusubiri peke yako. Muulize mapema, tena kwa maandishi, nani analipa.

Kisha mkataba. Mpaka utambuliwe utafanya kazi kama msaidizi, hata kama una shahada na Muhimbili ulikuwa unasimamia zamu. Utaogesha wagonjwa, kazi ambayo kwetu hufanywa na ndugu, na damu mara nyingi atatoa daktari. Kima cha chini kwenye nyumba za wazee na huduma za majumbani, kilichoanza Julai 2025, kilikuwa euro 16.10 kwa saa kwa msaidizi asiye na mafunzo na 20.50 kwa muuguzi kamili, kwa hiyo mkataba utaje viwango vyote viwili na siku ya kuvuka kutoka kimoja kwenda kingine. Tafuta pia kifungu cha kurudisha gharama ukiondoka mapema. Dai waandike kiasi chenyewe kwa tarakimu, na kwamba kinapungua kila mwezi unaofanya kazi. Kikisema "gharama zote" bila tarakimu, rudisha mkataba ukiwa haujasainiwa. Kwangu walirekebisha bila ubishi.