Bakuli la Uzi kwa Mfumaji: Kulichagua na Kulikata Mwenyewe

Mfumaji akivuta uzi, bonge halitulii. Litajiviringisha hadi chini ya kochi, litarudi na vumbi na manyoya ya paka, na kila likinasa kwenye mguu wa meza mkono hukaza uzi bila yeye kujua. Ndiyo maana sweta hutoka na mistari iliyobana na mingine iliyolegea. Bakuli la uzi hutibu hilo na si zaidi: bonge huzunguka mahali pamoja, uzi hutoka kwenye mkato ulio ubavuni.

Ukitaka kumzawadia mfumaji bakuli hili, kwanza mwangalie anavyofuma. Akivuta uzi kutoka katikati ya bonge, bonge lake halizunguki, na bakuli litaishia kuwekewa funguo. Anayefumia kwenye daladala au akiuza duka, mshonee mfuko wa kamba. Bakuli linamfaa anayefumia nyumbani, kwenye kiti chake kilekile, akivuta uzi wa nje ya bonge.

Njia nafuu ni kununua bakuli la mbao lililokwisha kuchongwa kisha kulikata. Bonge la gramu 100 huwa na upana wa sentimita 10 hadi 12, kwa hiyo tafuta bakuli lenye upana wa ndani wa sentimita 14 hadi 16 na kina cha 9 au 10. Likibana, bonge halizunguki. Likiwa la kina kifupi, bonge huruka nje. Ukuta uwe na unene wa milimita 8 hadi 10, kitako kiwe kipana, na mdomo ukiwa umeingia ndani kidogo ni bora zaidi. Uzito usipungue nusu kilo. Bakuli jepesi humfuata mfumaji mezani kama mbuzi wa kamba. Ukilipata zuri lakini jepesi, gundisha chini yake duara la mpira wa tyubu ya baiskeli.

Mabakuli mengi ya sokoni huuzwa mti ukiwa bado mbichi. Ukikata mbao mbichi, ufa huanzia palepale kwenye mkato. Lipime kwa mizani ya jikoni, liweke kivulini penye hewa, lipime tena kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, limekauka. Jua halisaidii, hulipasua.

Sasa mkato wenyewe, maana hapa ndipo mabakuli mengi ya dukani yanapokosewa. Mkato ulionyooka kutoka mdomoni kwenda chini haufai, kwa sababu mfumaji huvuta uzi kuelekea juu, na uzi utapanda na njia hiyohiyo hadi utoke. Unatakiwa mfano wa ndoana: ushuke kutoka mdomoni sentimita 4, upinde, kisha upande tena sentimita 1 na kuishia kwenye tundu la mviringo. Uzi ukivutwa juu hukimbilia kwenye tundu hilo na kukaa. Sehemu ya chini kabisa ya mkato isivuke nusu ya kimo cha bakuli. Ikiwa chini mno bonge hujibana kwenye mwanya badala ya kuzunguka.

Katikati ya mikono miwili ya ndoana hubaki ulimi wa mbao unaoning'inia. Ndio huvunjika. Uache uwe na upana wa sentimita 2, na juu ya tundu zisibaki chini ya sentimita 1.5 hadi mdomoni. Halafu zungusha bakuli ukitazama mistari ya mti. Pande mbili zinazokabiliana utaona mistari mirefu ikienda sambamba na mdomo. Pande nyingine mbili utaona vitundu vidogo, kama kichwa cha gogo lililokatwa. Kata upande wa mistari mirefu. Ulimi uliokatwa upande wa vitundu hukatika kwa kuguswa na kiwiko.

Chora ndoana kwenye karatasi, ibandike ubavuni. Ndani ya bakuli, nyuma ya mchoro, kaza kipande cha mbao ili drili ikitokea upande wa pili isinyofoe ukuta. Toboa na biti ya milimita 3 kwanza, kisha ya milimita 8: tundu moja mwisho wa ndoana, jingine kwenye pindo la chini. Tundu la mviringo si urembo. Mkato unaoishia kwenye kona kali ndio mwanzo wa ufa. Fungua ubapa wa msumeno mdogo wa upinde, upitishe tunduni, uufunge, ukate kuunganisha matundu, kisha kutoka pindoni hadi mdomoni. Mwanya uwe milimita 6. Kwa anayependa uzi mnene, fanya 8. Usilibane bakuli kwenye jiliwa kwa kulikandamiza kutoka pande mbili. Liweke mapajani juu ya taulo, mwenzio alishike.

Ukitaka, toboa matundu mawili ya milimita 7 upande wa pili wa bakuli, karibu na mdomo, ya kuegeshea kroshia au sindano kazi inaposimama.

Kusugua kutachukua muda kuliko kukata, na asiye na subira amnunulie mwenzake kitu kingine. Anza na tupa ya mviringo, uondoe kila kona ya mkato, ndani na nje. Kisha msasa namba 120 uliozungushwa kwenye penseli, halafu 180, halafu 240. Baada ya 240 pitisha kitambaa chenye unyevu: vinyweleo vya mbao vitasimama. Likikauka, vimalize kwa namba 400. Jaribio ni soksi ya nailoni. Ivute mkatoni na kote ndani ya bakuli. Ikikwaruza hata mahali pamoja, uzi wa sufu nao utanasa hapo na kuchanika nyuzinyuzi.

Kupaka, tumia nta ya nyuki na mafuta ya parafini yale ya duka la dawa, yasiyo na rangi wala harufu. Si mafuta ya taa. Gramu 10 za nta kwa gramu 40 za mafuta zinatosha na kubaki. Yeyushia kwenye kopo lililosimama ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si motoni moja kwa moja, kwani nta huwaka. Paka kwa kitambaa, ngoja nusu saa, futa yote yanayong'aa. Mafuta ya kupikia yaache jikoni: hunata, kisha hunuka. Baada ya siku mbili weka pamba nyeupe ndani ilale usiku kucha. Ikitoka na doa, futa tena na uendelee kusubiri. Uzi mweupe wa sweta ya mtoto haustahili kugundua kosa hilo kwa niaba yako.

Badala ya mbao, jiwe la sabuni, lile laini la kuchongea vinyago, la Tabaka, Kisii, nchini Kenya, lina uzito mzuri na ulaini ambao mbao haiupati, na hukatika kwa msumeno wa kawaida. Likate likiwa limelowa maji na ufunge barakoa, kwa sababu vumbi lake ni baya kwa mapafu. Likianguka kwenye saruji, basi tena.

Kwa udongo, zungumza na mfinyanzi kabla hajachoma. Mkato hukatwa udongo ukiwa umekauka nusu, mgumu kama ngozi, na kingo husuguliwa papo hapo kwa kokoto laini. Ukisubiri ukauke kabisa, unamomonyoka. Mwambie pia kwamba udongo hunywea ukikauka na kuchomwa, hivyo mkato uanze milimita 8 ili ubaki 7. Vyungu visivyopakwa rangi ya kioo huacha vumbi jekundu kwenye uzi mweupe, na vilivyopakwa huweza kuacha tone kali kama wembe ndani ya mkato. Pitisha kidole polepole kabla ya kulipa.

Usitoe bakuli tupu. Weka bonge la gramu 100 la uzi wa unene anaoutumia yeye, pitisha ncha ya nje mkatoni hadi kwenye tundu, uache sentimita 30 zikining'inia. Akilifungua tu atajua la kufanya nalo.