Kabla Hujaenda Bichi: Losheni, Pama na Habari ya Ndimu

Tuanze na ubishi wa ngozi nyeusi ili tuumalize mapema. Kila nikitoa losheni ya jua kwenye mkoba, hakosi shemeji mmoja wa kusema, "Hiyo si ya Wazungu?" Ngozi yetu ina kinga yake, sikatai. Waliopima wameilinganisha na losheni yenye SPF, yaani kipimo cha kinga ya jua, ya 13 hivi. Sasa SPF 13 ndiyo ya kushinda nayo kisiwani Mbudya kutwa nzima? Hutawiva kama mgeni aliyeshuka jana kutoka Norway, lakini utarudi na pua inayochonyota, mabega yanayobanduka, na kama una madoa usoni yatakuwa yamepata mbolea. Bisha ukipenda, ila bisha ukiwa umeshapaka.

Saa za kuogopa ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Najua ndizo saa zenyewe za kwenda ufukweni, kwa hiyo sikwambii usiende, nakwambia uwe na kivuli. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, na jua linatupitia utosini kabisa mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi na karibu na Oktoba 10. Simama mchana wa siku hizo uangalie chini, kivuli chako utakikuta kimejikunja miguuni kama paka. Kipimo changu ni hichohicho kivuli. Kikiwa kifupi kuliko wewe, ingia bandani.

Upepo usikudanganye. Mwezi wa sita na wa saba kusi inapovuma unaona baridi kabisa, unajifunika kanga, unasema leo jua halipo. Lipo. Kinachounguza ngozi si joto, ni mionzi ya jua isiyoonekana, ile ya UV, na mionzi haipoozwi na upepo. Mawingu mepesi nayo yanaipitisha. Tena haitoki juu peke yake: mchanga mkavu unairudisha kiasi cha asilimia 15, na povu la mawimbi asilimia 25 hivi. Ndiyo maana mtu anakaa chini ya mwavuli siku nzima halafu anashangaa kidevu kinawaka.

Nguo kwanza, losheni baadaye. Kepu haitoshi, inaacha masikio na shingo. Vaa pama, au nunua kofia ya ukili yenye ukingo mpana, bei yake haikupi presha na inaingiza hewa. Watoto waogelee na fulana za mikono mirefu. Kumbuka pamba iliyolowa inapitisha mionzi zaidi kuliko kavu, kwa hiyo ile kanga uliyojifunga majini ukitoka nayo ibadilishe. Miwani iwe na alama ya UV400. Miwani nyeusi tu isiyo na kinga, ya kununulia dirishani kwenye foleni, inaweza kuwa mbaya kuliko kukaa bila miwani: giza lake linafanya mboni ya jicho ifunguke, halafu mionzi inaingia bila hodi.

Sasa losheni yenyewe. Namba ya SPF inasomwa vibaya na watu wengi. SPF 15 inazuia asilimia 93 hivi ya mionzi ya UVB, 30 inazuia 97, na 50 inazuia 98. Kwa hiyo usivunje benki kutafuta 100, chukua 30 au 50 uipake vizuri. Ila namba hiyo inahusu UVB, ile inayounguza. Kuna UVA, inayozama ndani zaidi, inayozeesha ngozi na kuleta madoa, na yenyewe inapenya hata kioo cha dirisha la gari. Kwa hiyo kwenye chupa tafuta herufi UVA ndani ya duara, au maneno "broad spectrum", au PA ikifuatiwa na alama za kujumlisha. Kusipokuwa na chochote kati ya hivyo, rudisha kwenye shelfu.

Halafu kiasi. Hapa ndipo Watanzania tunapojipunja. Mtu mzima mwili mzima anahitaji karibu mililita 30, yaani vijiko sita vya chai, kwa kupaka mara moja tu. Chupa ya mililita 100 inamtosha mtu mmoja kwa mara tatu. Sasa nyie mnaenda familia ya watu saba na kichupa kimoja, kila mtu anapewa tone kama mafuta ya upako, jioni mnasema losheni ni feki. Ukiipaka nusu, hupati ile kinga iliyoandikwa kwenye chupa, hata kuikaribia hupati. Kama bajeti ni ndogo, funika mwili kwa nguo na losheni ibaki ya uso, shingo na mikono.

Paka dakika 15 au 20 kabla hujatoka kwenye jua, si ukiwa tayari ndani ya boti na maji ya chumvi yanakurukia. Rudia kila baada ya saa mbili, na kila ukitoka majini na kujifuta. Ile iliyoandikwa inastahimili maji huwa inapimwa kwa dakika 40 au 80, haifiki jioni. Usisahau masikio, nyuma ya shingo, juu ya nyayo, na, akina dada, mistari ya kichwa. Umesuka twende kilioni safi, ngozi ya kichwa iko wazi mistari minane, hakuna aliyekwambia itaungua? Wenye vipara wanajijua.

Losheni za zinki zinatuacha weupe kama ukuta uliopigwa chokaa, nakubali. Zipo zenye rangi ya kahawia, nazo kwa sisi wenye madoa usoni zinasaidia zaidi. Liwa inapendeza na inanukia, lakini si kinga ya kutegemea. Mafuta ya nazi hali kadhalika. Nunua famasi, si kwenye meza iliyopigwa jua tangu asubuhi, maana losheni nayo inaharibika kwa joto. Angalia tarehe. Na ile iliyobaki kwenye dashibodi ya gari tangu mwaka jana itupe, usinipe mimi.

Haya yanayofuata nayasema haraka lakini si madogo. Mtoto wa chini ya miezi sita hapakwi losheni ya jua, anakaa kivulini. Anayetumia mkorogo asijidanganye, ngozi iliyochunwa haina ulinzi. Anayekunywa doksi (doxycycline), iwe kwa maambukizi au mgeni anayejikinga na malaria, ajue dawa hiyo inaifanya ngozi iungue upesi. Amuulize mfamasia kabla. Na kama katika msafara wenu kuna ndugu mwenye ualbino, basi ratiba yote ipangwe kumzunguka yeye: nguo ndefu, pama, kivuli, na losheni isiyokatika. Moshi kuna losheni inayotengenezwa kwa ajili yao hasa, kazi iliyoanzia hospitali ya KCMC.

Sasa ndimu.

Ilikuwa Oktoba 14, siku ya kumbukumbu ya Mwalimu. Ukiangalia tarehe nilizotaja juu utaona jua lilikuwa wapi. Tulivuka na pantoni kwenda Kigamboni, ukoo mzima, masufuria, deli la barafu, spika. Mimi ndiye niliyewapanga watu mstari asubuhi nikawapaka losheni mmoja mmoja kama nesi wa chanjo. Nilijiona nimemaliza kila kitu.

Tulipofika nikapewa kazi ya ndimu. Kulikuwa na changu wa kukaanga, kachumbari, na ndoo ya juisi. Nilikaa kwenye mchanga, juani kabisa kwa sababu bandani kulikuwa kumejaa, nikakamua ndimu zaidi ya arobaini kwa mkono. Maji yake yakinitiririka hadi kwenye viwiko. Sikunawa, nilijifuta na kanga. Katikati ya kazi hiyo mtoto wa mdogo wangu, miaka minne, akawa anakimbilia majini. Nikaruka, nikamkamata mbavuni, nikamtoa. Akarudi. Nikamkamata tena. Alikuwa na chupi tu, fulana alishaivua. Hiyo ndiyo habari yote. Tulikula, tukacheza, tukarudi.

Kesho yake hakuna kitu. Keshokutwa mikono yangu ikaanza kuwaka, hasa katikati ya vidole. Siku ya tatu yakatoka malengelenge, mengine makubwa kama punje za mahindi. Mama mkwe akasema ni mkanda wa jeshi. Jirani akasema nimemwagikiwa na mafuta ya samaki ila nimesahau, kana kwamba mtu anasahau mafuta ya moto.

Jioni ile mdogo wangu akapiga simu, sauti imebadilika. "Dada, mtoto ana alama za vidole mbavuni." Alama kweli, vidole vinne upande mmoja na dole gumba upande wa pili, nyekundu, zimevimba. Ameminywa. Mwalimu wake wa chekechea alikuwa ameziona kwanza na kumuuliza mama maswali ambayo hakuna mzazi anayependa kuulizwa. Na mama, akiwa na aibu na hasira, akamgeukia aliyekuwa karibu: dada wa kazi. Binti alilia, akaapa, akainua mikono yake midogo waipime. Hawakuipima. Asubuhi alipandishwa basi la Singida.

Mimi nilikwenda kwa daktari wa ngozi kwa ajili ya mikono yangu, sikujua kabisa kama mambo haya mawili ni jambo moja. Daktari akaiangalia, akauliza, "Mama, ulikamua ndimu hivi karibuni, juani?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba ndani ya ndimu, na zaidi kwenye ganda lake, kuna kemikali zinazoitwa furanokumarini. Zikibaki kwenye ngozi zikapigwa na mionzi ya UVA, zinaiunguza ngozi kweli kweli. Haiwashi palepale, inajitokeza baada ya siku moja au mbili, tatu, ndiyo maana mtu haoni uhusiano. Na inaacha alama pale pale maji yalipogusa: michirizi, matone, au kiganja. Aliposema kiganja nikainuka kwenye kiti.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mdogo wangu. Tukamlaza mtoto, nikaweka mkono wangu wenye malengelenge juu ya mbavu zake. Ukaingia sawasawa. Mtoto akaniuliza, "Mama mkubwa, unanitekenya?"

Binti wa Singida hakupokea simu zetu kwa wiki mbili. Alipopokea alisikiliza, akasema amesikia, akakata. Mshahara wake na nauli tulimtumia, hakurudi, na mimi sioni kwa nini angerudi. Alama za mtoto ziligeuka nyeusi, zikakaa miezi minne. Za kwangu zilizidi mwaka.

Kwa hiyo: ndimu zinakamuliwa nyumbani, zinawekwa kwenye chupa, inafungwa. Ukilazimika kukamua ufukweni, kaa kivulini, nawa kwa sabuni na maji hadi viwikoni, si kujifuta, si kuchovya mikono baharini. Limau nayo ni hivyohivyo. Usimshike mtoto kabla hujanawa. Na losheni uliyopaka asubuhi usiifanye kisingizio, ya kwangu ilikuwa imeshakwenda na jasho tangu tuko kwenye pantoni.

Mengine ni ya kawaida. Maji ya kunywa beba mengi kuliko unavyodhani, soda si maji. Ukiungua, ngozi ipoze kwa maji ya kawaida, usipake dawa ya meno wala mafuta ya kula, na malengelenge usiyatoboe. Kama mnakwenda Mbudya au Bongoyo, hayo ni maeneo ya hifadhi ya bahari tangu 1975, kuna kiingilio, na matumbawe si ya kukanyaga. Losheni za zinki zinasemekana kuwa na nafuu kwayo, na Hawaii tangu 2021 walishapiga marufuku kuuza losheni zenye kemikali za oksibenzoni na oktinoksati kwa sababu hiyohiyo. Kwenye boti vaeni maboya, hata yule kaka anayejua kuogelea. Kurudi saa tisa ndiko kunakounguza shingo, kwa sababu mmechoka na hakuna anayekumbuka kupaka tena. Angalieni maji yanajaa saa ngapi kabla hamjatandika mkeka. Simu zisiachwe juani. Na boti ya mwisho, muulize nahodha inaondoka saa ngapi wakati unashuka, si wakati umeshashiba samaki.