Jinsi ya kuchora neva ya simpathetiki inavyomwaga noradrenalini

Wadogo zangu mnaosoma uuguzi na utabibu hapa Tanga, acheni kukariri orodha ya risepta (vipokezi vya kemikali kwenye seli), chukueni karatasi mchore, mana hii mada ya neva za simpathetiki (zile zinazouamsha mwili ukishtuka) na kemikali yao noradrenalini, ukiichora vizuri haitoki kichwani.

Chukua mfano huu: unavuka barabara pale Ngamiani, bodaboda anakupita puani, moyo unadunda, mishipa ya ngozi inabana, viganja vinalowa (jasho liweke pembeni, neva zake ni za simpathetiki ila zinamwaga kemikali nyingine, asetilikolini, swali la mtego hilo). Chora uzi wa neva kwenye mshipa wa damu. Una vivimbe vivimbe njia nzima, kila kimoja kimejaa vifuko vya kuhifadhi noradrenalini. Kikuze kimoja kijae nusu karatasi.

Ndani andika hatua za kuitengeneza kwa mpangilio: tairosini, dopa, dopamini, alafu dopamini inaingia kwenye kifuko na humo humo inageuka noradrenalini. Enzaimu ya hatua ya kwanza, tairosini haidroksilesi, izungushie duara jekundu, ndo inaamua kasi ya utengenezaji. Umeme wa neva ukifika mageti ya kalsiamu yanafunguka, kalsiamu inaingia, vifuko vinaungana na utando vinamwaga nje. Kemikali nyingine mbili, ATP na nyuropeptidi Y, zinatoka pia.

Sasa tulia hapa, ndo watu wanapoachia maksi: neva inaisikia noradrenalini iliyoimwaga yenyewe. Kwenye utando wa kile kivimbe kuna risepta inayoitwa alfa-2, noradrenalini ikizidi nje inaishika, kalsiamu inapungua kuingia na umwagaji unapungua, kama boya la tangi la maji likipanda linavyofunga maji. Chora mshale unaorudi nyuma, weka alama ya kutoa. Asetilikolini kupitia risepta za muskarini nayo ni ya kutoa. Risepta za beta-2 na homoni ya anjiotensini II wekea jumlisha, zenyewe zinaongeza. Klonidini, dawa ya kushusha presha, inashika alfa-2 pia, ila kazi yake kubwa iko kwenye ubongo, usiandike neva tu ukaishia hapo.

Mwisho chora usafi. Noradrenalini nyingi inafyonzwa kurudi kwenye neva ile ile iliyotoka, kazi ya mwanasayansi Julius Axelrod hiyo, alipata Nobel 1970 pamoja na Ulf von Euler na Bernard Katz. Nyingine inasambaa, inavunjwa na enzaimu za MAO na COMT. Kokeini inaziba huo mlango wa kufyonza, ndo mana presha inapaa.

Ukimaliza funika karatasi uchore upya, ukikwama kwenye mshale wa alfa-2 rudia hapo hapo tu, usianze mwanzo.