Laptopu imekuwa nzito baada ya Windows 11 kugoma: usikimbilie kupiga Windows

Somo la leo ni la wale ambao laptopu zao zilianza kupanda kutoka Windows 10 kwenda 11, zikafika asilimia fulani, zikajizima na kujiwasha mara kadhaa, kisha zikarudi Windows 10 zikiwa nzito kuliko zilivyokuwa. Mashine inawaka, faili zipo, lakini ukiandika "Arusha" kwenye Word herufi zinatokea moja moja kama zinakuja kwa miguu kutoka Usa River.

Wenye tatizo hili wameongezeka tangu msaada wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025. Ofisi za safari, steshenari, walimu, kila mtu anataka kupanda, na mashine nyingi zinazoletwa mezani ni za mtumba zenye hadidiski ya kuzunguka. Dawa ya mtaani mnaijua: "Lete tupige Windows upya," yaani kuifuta na kuiweka mpya. Mimi naiweka mwisho kabisa. Ukipiga Windows juu ya hadidiski inayokufa utapata nafuu ya muda mfupi, halafu uzito unarudi, na safari hii picha za watoto na hesabu za ofisi hazipo.

Kwa hiyo kwanza tujue nani anakula mashine.

Hatua ya 1: Okoa faili zako

Kabla ya amri yoyote, hamishia kila cha maana kwenye diski ya nje au flashi: Desktop, Documents, Downloads, na faili za barua pepe kama unatumia Outlook. Usiseme utafanya baadaye.

Wakati unanakili, angalia inavyokwenda. Ikikimbia vizuri mpaka mwisho, hadidiski yako huenda ni nzima. Ikiganda kila ikifika kwenye faili lilelile, au ukiweka sikio karibu na kibodi ukasikia mlio wa ka-ka-ka, acha hatua za katikati na uende hatua ya 7.

Hatua ya 2: Restart, siyo Shut down

Watu wengi wanazima jioni na kuwasha asubuhi wakidhani mashine imeanza upya. Windows 10 ina kitu kinaitwa Fast Startup: ukichagua Shut down, sehemu ya mfumo inahifadhiwa kwenye diski na kurudishwa vilevile kesho yake, pamoja na kiporo cha kazi iliyokwama. Restart ndiyo inayoanza upya kweli.

Basi chagua Restart. Ikiwaka, ichomeke kwenye chaji, izuie isilale, na uiache saa moja au mbili bila kuigusa. Baada ya kurudi nyuma, mfumo unafanya usafi wake, unapanga upya orodha ya kutafutia faili, na kinga ya virusi inaweza kuanza kukagua diski. Kwenye hadidiski ya zamani kazi hizo zikigongana, mashine inalemewa. Wakati mwingine dawa ni hii tu. Kama kwenu umeme unakatika katika na betri imekufa, fanya hatua hii mahali penye umeme wa uhakika.

Hatua ya 3: Angalia nani anakula

Hapa ndipo penye somo lenyewe, msipite haraka.

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itafunguka. Ikiwa ndogo, bonyeza "More details" pale chini. Utaona safu za CPU, Memory na Disk. Bonyeza neno Disk ili wanaokula zaidi wapande juu, kisha kaa utazame dakika tano hivi, mikono ikiwa mbali na kipanya.

Ukiona "Windows Modules Installer Worker", mfumo bado unamalizia au unafuta masasisho. Mwache amalize. "Antimalware Service Executable" ni kinga ya Windows yenyewe inakagua, naye ana mwisho. "Microsoft Windows Search Indexer" anapanga orodha ya faili, mvumilie. Lakini ukiona "Modern Setup Host", fahamu kwamba mashine inajaribu tena kupanda Windows 11 kimyakimya, na itakwama palepale ilipokwama mwanzo. Huyo tunamshughulikia hatua inayofuata.

Hali ya kutia shaka ni hii: Disk imesimama 100% muda wote, lakini ukijumlisha wanaokula hata MB 2 kwa sekunde hazifiki. Fungua kichupo cha Performance, chagua Disk, tazama "Average response time". Ikiwa inaruka mamia au maelfu ya milisekunde huku mashine haina kazi ya maana, kinachochelewa ni diski yenyewe.

Na kama Disk imetulia, CPU imetulia, lakini Memory iko 90% na zaidi, tatizo ni Ram ndogo (kumbukumbu ya kufanyia kazi) au utitiri wa programu zinazoamka pamoja na mashine. Kichupo cha Startup kinakuonyesha. Zima usizozihitaji. Hakuna sababu ya programu tatu za kushusha video kuamka kabla yako.

Hatua ya 4: Ondoa mabaki

Windows 11 ikishushwa inaacha mzigo kwenye folda zilizofichwa, hasa $WINDOWS.~BT, na mzigo huo unakula GB nyingi. Diski C ikibaki na GB mbili tatu, mashine lazima iwe nzito, na kila jaribio jipya litakufa kwa kosa 0x80070070, maana yake nafasi haitoshi.

Kama bado unataka kujua kwa nini ilishindwa, kabla hujafuta ingia $WINDOWS.~BT, kisha Sources, kisha Panther, unakili faili la setuperr.log. Namba inayoanza na 0xC1900101 kwa kawaida inakuelekeza kwenye draiva, yaani programu inayoendesha kifaa fulani cha mashine.

Sasa nenda Settings, System, Storage, Temporary files. Weka tiki kwenye "Temporary Windows installation files", "Windows upgrade log files" na "Delivery Optimization Files". Tazama sana: kwenye orodha hiyohiyo kuna "Downloads". Hiyo ni folda yako, mwenye nayo ni wewe. Usiiwekee tiki. Nimeona mtu akipoteza mikataba ya wageni wa msimu mzima kwa tiki moja.

Kisha safisha stoo ya masasisho. Tafuta cmd (dirisha la kuandikia amri), bonyeza kitufe cha kulia, chagua "Run as administrator", uandike mstari mmoja mmoja:

net stop wuauserv
net stop bits
ren C:\Windows\SoftwareDistribution SoftwareDistribution.old
net start bits
net start wuauserv

Ikikataa kubadili jina, Restart na urudie mara moja kabla masasisho hayajaamka. Mashine ikikaa sawa siku chache, folda ile yenye .old unaweza kuifuta.

Hatua ya 5: Rekebisha mfumo

Kwenye dirisha lilelile la cmd, amri mbili, kwa mpangilio huu:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow

Ya kwanza inarekebisha ghala ambalo ya pili inachota humo faili nzima. Ukianza na sfc ghala likiwa bovu, unazunguka bure. DISM inaweza kuhitaji intaneti, na asilimia zinaweza kuganda muda mrefu kabla ya kusogea. Usifunge dirisha. Zikimaliza, Restart.

Hatua ya 6: Draiva

Kama uzito unauona zaidi unaposogeza kurasa, unapocheza video au unapovuta dirisha, fungua Device Manager, angalia Display adapters. Ukikuta "Microsoft Basic Display Adapter", draiva ya picha haipo, na prosesa ndiyo inachora kila kitu. Chukua draiva kwenye tovuti ya aliyetengeneza laptopu, kwa modeli yako kamili. Zile programu zinazojitangaza kwamba zinatafuta draiva zote kwa pamoja, achana nazo.

Hatua ya 7: Diski yenyewe

Kwenye cmd andika: wmic diskdrive get model,status

Ikijibu "Pred Fail", diski inakuaga. Ikijibu "OK" usishangilie bado, kipimo hicho ni cha juu juu. Programu ya CrystalDiskInfo ni ya bure na inasema zaidi: ukiona "Caution" pamoja na namba isiyo sifuri kwenye Reallocated Sectors au Current Pending Sector (vipande vya diski vilivyoharibika au vinavyotiliwa shaka), usiendelee kuihangaisha kwa chkdsk, amri ya kukagua diski. Toa faili, nunua SSD, yaani diski ya kasi isiyozunguka.

Kama diski ni nzima lakini ni ya kuzunguka, bado nasema SSD. Hadidiski ikisoma faili ndogo ndogo zilizotawanyika, na Windows kazi yake ni hiyo, inaweza kushuka chini ya MB 1 kwa sekunde. SSD ya SATA ya inchi 2.5 inaingia palepale ilipokuwa hadidiski, na kwa kusoma mfululizo inafika karibu MB 500. Hapa ndipo kupiga Windows upya kunapokuwa na maana: kwenye diski mpya, siyo ya zamani. Flashi ya kuwekea Windows iwe na angalau GB 8.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, Ngaramtoni:* Shikamoo fundi. Yangu ina Ram GB 4 na hadidiski ya GB 500. Nimeambiwa niongeze Ram kwanza. Hela inatosha kitu kimoja tu.

Marahaba mwalimu. Fungua Excel yako ya alama na kivinjari kama unavyofanya siku zote, kisha tazama Task Manager. Memory ikiwa chini ya 80% na Disk ikiwa 100%, nunua SSD. Hata Memory ikijaa, mfumo unahamishia mzigo kwenye diski, kwa hiyo diski ya kasi inakupunguzia maumivu ya pande zote mbili. Ram fuatisha mwezi mwingine.

*Moshi, Majengo:* Mkuu, bando la GB 10 limeisha usiku mmoja na sikushusha kitu. Huyo Modern Setup Host ninaye.

Ndiye huyo. Windows 11 peke yake ni zaidi ya GB 5, na ikishindwa inaweza kushushwa tena. Ingia kwenye mtandao unaotumia, washa "Set as metered connection" ili Windows ijue bando lina kikomo. Kisha kwenye Windows Update, Advanced options, sitisha masasisho. Windows 10 inakuruhusu hadi siku 35. Halafu fanya hatua ya 4 yote.

*Dada wa ofisi ya safari, Njiro:* Baada ya kushindwa sasa ikiwaka inaonyesha kioo cha bluu, inataka namba ndefu ya BitLocker. Bosi anasema nipige Windows.

Dada, mwambie bosi asubiri. BitLocker ni kufuli la Windows linalofunga diski. Ukipiga Windows hapo, kila kilichomo kimekwenda. Ufunguo huo una tarakimu 48, na mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuanzisha laptopu. Tumia simu, ingia aka.ms/myrecoverykey kwa barua pepe hiyo. Linganisha Key ID ya kwenye kioo na ya kwenye orodha. Kama laptopu ilianzishwa kwa akaunti ya ofisi, aliyewawekea mfumo ndiye wa kumuuliza.

*Himo:* Mangi mmoja hapa anaweka 11 kwenye mashine yoyote, hata isiyokuwa na TPM. Nimpe?

TPM ni chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai. Kuiruka inawezekana, na mashine itawaka. Lakini Microsoft hawaahidi masasisho kwa mashine isiyotimiza vigezo, na yako tayari imeshakuonyesha ina mgomo. Andika tpm.msc uone kama kweli TPM 2.0 haipo au imezimwa tu kwenye BIOS, ile mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Kama haipo kabisa, baki na 10 na ujiandikishe kwenye masasisho ya usalama ya nyongeza, yanaendelea hadi 13 Oktoba 2026. Kwa kazi ya kuchapa na kutoa kopi huna haja ya 11 leo.

*Sakina:* Nimefuata zote. Diski ni SSD, imetulia, Memory 40%, lakini bado nzito. CPU inasoma 0.78 GHz na haipandi.

Nenda Power Options kwanza, isiwe kwenye Power saver. Kisha chomoa chaji, itumie betri, utazame tena.

*Sakina:* Bila chaji imepanda 2.9. Nikichomeka inarudi 0.78.

Basi Windows haina kosa. Baadhi ya laptopu zisipoitambua chaji zinajibana kasi zenyewe. Geuza laptopu, soma volti na wati zilizoandikwa chini, utafute chaji inayolingana na ya kampuni hiyohiyo. Ukienda dukani nenda na laptopu, uchomeke na uone GHz zikipanda kabla hujalipa.